Hakuna Mutu Kama Huyo

Butembo, lundi 1 septembre

Mvua imeanza leo, ile ya kupiga ku mabati mpaka husikii mwenzako. Tulikaa mu bureau, mimi na Papa Syauswa, tunaangaliana tu. Donc nimeanza kuandika, juu nikikaa bila kusema kitu nitapasuka.

Kazi yetu ni hii. Makanisa ya huku, Wakatolika na Waprotestanti, bamefungua bureau moja ndogo ya kutafuta batoto benye kupotea wakati batu banakimbia vita. Kule Beni, Mulekera, Oicha, kila kanisa lenye kuokota mutoto linaandika fiche: jina, umri, kijiji alitoka, nani anamulinda. Fiche zinafika kwetu, mimi ninaziingiza mu machine, ile ordinateur. Muzazi akikuja, tunamutafutia. Papa Syauswa njo coordinateur, mukatekista wa zamani, mutu ya upole, mais mbele ya ordinateur anakuwa kama mutu anashika chungu ya moto. Mimi Abigaïl nimesoma informatique, masomo ya kompyuta, mpaka mwisho, na ile base de données, ghala ya majina yote, ni mimi niliijenga. Nasema hivyo bila haya, ni nzuri.

Mercredi 3 septembre

Mercredi, siku ya tatu ya juma, ni siku ya kupokea wazazi, juu ni siku ya soko. Leo mama mumoja alileta jina la mutoto: Jeanne d'Arc. Machine ikaanguka papo hapo! Papa Syauswa akafanya alama ya musalaba.

Base ni yangu, mais recherche, pahali pa kutafutia jina, ilibaki ya stagiaire, mwanafunzi wa mazoezi mwenye alinitangulia, na kosa ni lake. Alikuwa anabandika jina la mutu moja kwa moja ndani ya swali lenye tunauliza machine. Ile apostrophe, alama ndogo ya juu mu d'Arc, ikafunga swali katikati. Nimetupa yote yake. Sasa swali langu linaandikwa mbele, na pahali pa jina naacha nafasi, tunaiita paramètre. Jina linaingia nyuma, kama chakula mu sahani, hata likuwe na mifupa gani haliwezi kuvunja sahani.

Vendredi 5 septembre

Nimefanya kazi ya kichwa leo. Hapa kwetu majina ya uzazi ni machache kuliko batu. Masika, Kahindo, Kavuo, Kambale, Kasereka: kila nyumba iko nao. Uandike Kahindo, uweke alama ya % nyuma, ile inaambia machine "na kiisha hapo, neno lolote," utapata nusu ya Grand Nord, eneo letu yote, ku écran, kioo ya machine. Ndiyo maana nimeweka nafasi tatu: jina, umri, kijiji. Nafasi yenye muzazi hajui, anaacha wazi, na mimi namujazia % peke yake. Lolote. Kijiji chochote, jina lolote. Hakuna mutoto atatoroka ile nyavu, na nikaambia Papa Syauswa vile vile.

"Abigaïl, hata nyavu ya Petro ilianza kupasuka."

"Petro hakusoma informatique, Papa."

Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Na kama hakuna kitu, machine inaandika ku écran kwa herufi nyekundu: *Hakuna mutu kama huyo.* Ni mimi nilichagua maneno. Nilitaka batu basome luga yao, si ile "aucun résultat" ya bazungu.

Mercredi 10 septembre

Mama mumoja alitoka Vuhovi kwa miguu, kikwembe kimelowa mpaka kiunoni. Anaitwa Mama Berthe. Alikuwa analima cacao kule upande wa Oicha na bwana yake. Mwezi wa sita, bale batu ba pori balikuja kijijini. Bwana alikufa. Yeye alikimbia na mutoto mugongoni, akaanguka mu mutaro, mama jirani akamushika mutoto ili yeye asimame, na mu giza ile na mu kelele ile hawakuonana tena. Mutoto ni Kahindo Séphora, myaka tatu, hajui bado kusema vizuri. Sasa mama anakaa kwa dada yake Vuhovi, analima shamba la wengine.

Nilitafuta na jina, umri, na kijiji. *Hakuna mutu kama huyo.* Nikaondoa kijiji, nikaacha %. Bakatoka ba Kahindo wengine, hakuna mwenye myaka tatu, hakuna Séphora. Nikaondoa hata jina, nikaacha umri tu. Tuliangalia picha moja moja. Hapana.

Aliuliza: "Ile machine imetafuta pahali pote?"

"Pote, mama. Beni, Oicha, pote."

"Wasingya," akasema, aksanti ya luga yetu, akakaa kidogo kama mwenye anangojea machine ibadilishe mawazo.

Samedi 13 septembre

Mvua. Courant, umeme, hakuna.

Mardi 16 septembre

Simu kutoka Oicha. Kule mwenye anaandika fiche ni Mama Tamar, diakone, mama ya sauti kubwa. "Bwana asifiwe! Abigaïl, batoto bangu banangojea. Ju ya nini hakuna mutu anabatafuta?"

Nilikuwa na fiche zake mbele yangu, na kila moja nafasi ya kijiji iko wazi. Kila moja! Nilikasirika. "Mama Tamar, jaza fiche vizuri kwanza. Mbona unaacha kijiji?"

"Naacha kwa akili. Kuna batu banakuja kudai mutoto mwenye si wao, banataka mutu ya kubachotea maji. Kama kijiji iko ku karatasi, mutu yote atasoma na kusema njo kwetu. Mimi naiweka mu kichwa. Muzazi aitaje mwenyewe."

"Mama, hii si ya kuweka mu kichwa. Ni système."

"Basi système yako iniulize mimi."

Nikakata simu. Aka! Na batu bakisikia informatique hapa kwetu banafikiri ni uchawi, kumbe ni fiche yenye kujazwa tu.

Mercredi 17 septembre

Mama Berthe. Hakuna.

Mercredi 24 septembre

Mama Berthe, na muzigo wa maharagi kwa ajili yetu. Nilikataa, akaweka ku meza. Hakuna.

Mercredi 1 octobre

Leo mutoto mumoja amepatikana! Muhindo, myaka saba, alikuwa Mulekera kwa familia ya mutu mumoja wa pikipiki, baba yake anauza makaa hapa Butembo. Nafasi tatu zikajazwa, nikabonyeza Entrée, na picha ikatoka. Baba alipiga magoti mbele ya machine, nikamuambia asimame, lakini kweli nilifurahi mpaka nikasahau kula. Papa Syauswa akasema nyavu inafanya kazi. Nilimukumbusha nani aliishona.

Mama Berthe alikuwa ku banc ya kungojea, aliona yote. Zamu yake ikafika. Hakuna.

Mercredi 8 octobre

Nimeanza kuogopa mercredi. Ninasikia viatu vyake ku ngazi, vile vya plastiki vyenye kunywa maji. Alisema leo: "Nimeota anakula ndizi." Nikaandika jina. Hakuna.

Mercredi 15 octobre

Leo hakuuliza machine. Alikaa ku banc mpaka wengine bote baishe, kiisha akakuja.

"Abigaïl mutoto yangu, nataka kwenda mwenyewe. Nitaanza Beni, nipite kila kanisa, niulize kila mama, mpaka Oicha. Shemeji yangu atanisindikiza."

Nilimuambia hapana. Nilisema barabara ile si ya kutembea, kila wiki tunasikia gari imechomwa. Ilikuwa kweli. Mais nikaongeza kitu kingine, na nakiandika hapa vile nilisema: "Mama, utaenda kusumbuka bure. Vyote vyenye utauliza kule viko hapa. Machine imeona makanisa yote. Wewe utapita nyumba moja, yeye anapita nyumba zote kwa mara moja."

Aliangalia écran kama mutu anaangalia docteur.

"Wewe njo umesoma," akasema. Akaenda kwao Vuhovi.

Jeudi 23 octobre

Mvua usiku na muchana. Barabara ya Vuhovi imekatika, batu banapita ku shamba. Jana hakukuja.

Mercredi 29 octobre

Alikuja. Amekonda. Hakuna.

Mama Tamar aliita tena ku simu, ile wimbo yake: batoto bangu banangojea, kuna katoto kadogo kamoja sasa kanaanza kusema, kanaimba na sisi kanisani, hakuna mutu anakauliza. Nilikuwa na batu ku mulango. Nikamuambia ajaze fiche, kiisha tutaongea.

Mercredi 5 novembre

Hakuna.

Mercredi 12 novembre

Leo nimefanya kitu, sijui kama ni kizuri.

Mama Berthe aliniuliza nimuambie kweli. Dada yake na bajomba banamusukuma: miezi imepita, mutoto wa myaka tatu mu pori, ni nini unangojea? Banataka afanye matanga, roho itulie, na mutu aanze tena kulala. Yeye anakataa juu ya bureau yetu. Anasema, mradi Abigaïl bado anatafuta, yeye hawezi kulilia mutoto mwenye bado muzima.

Papa Syauswa alitoka inje, anajifanya anaongea na simu. Ah, yule muzee!

Niliketi naye ku banc. Nilimushika mukono. Nikamuambia: "Mama, nimetafuta kwa kila njia. Na jina, bila jina, na kijiji, bila kijiji. Angekuwa ameandikwa pahali fulani, ningemuona. Fanya matanga, mama. Pumuzika."

Hakulia. Alisema tu: "Basi wewe umesema." Nilirudi nyumbani nikijisikia mutu mukubwa, mwenye kusema neno gumu kwa upole. Nilijipongeza, kabisa.

Samedi 22 novembre

Matanga Vuhovi. Tulienda na Papa Syauswa ku pikipiki, matope mpaka magotini. Batu balikuwa wengi, baliimba muchana mzima. Hakuna maiti, donc baliweka robe moja ndogo ya jaune, gauni ya rangi ya njano, ku mukeka, ile moja tu yenye Mama Berthe aliwahi kuokoa mu muzigo. Mwishoni akaipatia mutoto wa dada yake, akamuvalisha mwenyewe, akafunga vifungo vya nyuma kimoja kimoja. Iliingia vizuri.

Akaniona, akanishukuru mbele ya batu bote. Alisema: huyu njo alinifungua.

Mercredi 26 novembre

Hakukuja. Nilikuwa nasikiliza ngazi bila kutaka.

Mercredi 3 décembre

Bureau kimya. Nashangaa, Mama Tamar hajaita tena toka mwezi wa kumi. Labda hatimaye anajaza fiche. (Hapana, nimeangalia. Wazi vile vile.)

Mardi 9 décembre

Naandika kila kitu vile kilifuatana.

Papa Syauswa aliniomba rapport ya mwaka: batoto wangapi bameandikwa. Niliuliza machine moja kwa moja, hesabu bote. Ikanipa jibu. Kiisha, kwa kujipima tu, nikaenda ku recherche, nikaacha nafasi zote tatu wazi, donc % na % na %, lolote na lolote na lolote, na nikahesabu benye walitoka. Zile hesabu mbili zilipashwa kuwa sawa. Hazikuwa sawa. Ile ya pili ilikuwa kidogo kuliko ya kwanza.

Nilifikiri ni fiche zimeingia mara mbili. Nikafanya swali lingine: unionyeshe benye wako mu base na hawako mu recherche.

Bote balikuwa ba Oicha. Bote balikuwa ba Mama Tamar.

Nilielewa kabla hata sijamaliza kusoma. Ile alama ya % inasema "neno lolote." Lakini pahali hakuna neno, hakuna hata lolote. Nafasi yenye kuachwa wazi mu base si neno fupi, ni *haijulikani*. Ukiuliza machine kama haijulikani inafanana na kitu chochote, haisemi ndiyo, haisemi hapana, inasema sijui. Na mwenye inasema sijui juu yake, inamuacha inje. Ni kitu cha mwaka wa kwanza. Profesa aliandika ku tableau na nikanakili.

Mama Tamar aliacha kijiji wazi ili kulinda batoto ku benye uongo. Na mimi nilimufokea kila mara akiacha nafasi wazi, juu ya usafi wa fiche yangu, na sikujiuliza hata mara moja ile nafasi wazi inafanya nini mu swali langu. Aliniita. Aliniambia hakuna mutu anabauliza. Ilikuwa alama ya hatari, na mimi nikamukatia simu.

Nikashuka ku orodha ile na kidole. Kahindo Séphora. Myaka 3, inakadiriwa. Kijiji: wazi. Iliandikwa mwezi wa saba. Iliingizwa mu machine mwezi wa nane, na mimi, mukono wangu.

Alikuwako toka siku ya kwanza. Mama yake alikaa ku banc yangu kila mercredi, na mutoto alikuwa ndani ya ile sanduku yenye mama alikuwa anaangalia.

Ee Mungu wangu, nilimuambia afanye matanga.

Mercredi 10 décembre

Nimetengeneza recherche. Ilinikamata dakika kidogo sana, na hiyo njo yenye inaniua. Papa Syauswa anapigia wazazi wa wale wengine simu. Mimi nilienda Vuhovi mwenyewe.

Alikuwa mu shamba, anapalilia. Nilisema yote nikisimama mu matope, sikutaka aketi kwanza, ningekosa nguvu. Alisikiliza. Jembe halikuanguka, hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja kimoja.

"Siku ya kwanza nilikuja, alikuwa mu machine?"

"Ndiyo, mama."

"Siku nilileta maharagi?"

"Ndiyo."

"Siku nilikuambia nataka kwenda mwenyewe, mpaka Oicha?"

"Ndiyo, mama."

"Siku ya matanga?"

Niliitika na kichwa.

"Ningeenda kwa miguu," akasema. "Kuulizauliza tu. Ningekuwa nimefika mwezi wa kumi."

Niliomba pardon. Alisema: "Acha hiyo kwanza. Gari ya Beni inatoka saa ngapi?"

Vendredi 12 décembre

Oicha. Tulilala Beni jana, asubui tukachukua njia. Mama Berthe alikuwa ameshika biscuits na kikwembe kipya cha kumubebea mutoto mugongoni, amekikunja vizuri juu ya magoti.

Mama Tamar si vile nilikuwa namufikiri. Ni mama mufupi, mwenye kuchoka, sauti kubwa ni ya simu tu. Alitupokea ku mulango, akamuambia Mama Berthe ataje kijiji. Akataja. Ataje jina la mama jirani. Akataja. Mama Tamar akafunga macho, akasema ni yeye, ni mama mwenyewe. Yule jirani ndiye alifikisha mutoto hapa, kiisha akaendelea na safari ya Uganda.

Séphora alikuwa mu lupango, ule uwanja wa nyumba, anacheza na batoto wengine. Amekuwa murefu. Mama Tamar akamuita: "Séphora, kuja usalimie wageni."

Alikuja mbio. Alisimama mbele ya Mama Berthe, akatoa mukono ya kuume, ya kushoto ikishika kiwiko, vile banamufundisha hapa, akasema wazi kabisa, kila neno pahali pake: "Jambo mama." Kiisha akanigeukia, akatoa mukono: "Jambo mama." Kiisha akarudi ku mchezo.

Mama Berthe alibaki na mukono mbele. Hakujua mutoto yake anasema. Alipomuacha alikuwa anasema *maji* na *mama*, basi.

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia kama mupumbavu. Mama Tamar akanifuata. Nilifikiri anakuja kunigombeza, ningefurahi. Alisema: "Usibebe yote peke yako. Mwezi wa kumi na moja niliacha kukupigia simu. Unafikiri niliacha ju ya nini? Kalianza kuniita mama. Nikajiambia, kama hakuna mwenye anakauliza, mimi nipigie simu ya nini tena." Na yeye alilia. Tukakaa pale juu ya mbao, mimi na yule mama mwenye nilikuwa nasema hajui kujaza fiche.

Saa ya kurudi, Mama Berthe alikataa kupanda gari. Alisema mutoto hawezi kutolewa mu mikono ya mutu kama muzigo wa mihogo. Atakaa hapa Oicha mpaka azoee. Hapa, ku mipaka ya pori, pahali alikimbia, pahali batu banalala na viatu mu miguu. Nilimuambia ni hatari. Aliniangalia, si kwa hasira.

"Hiyo uliniambia hata mwezi wa kumi," akasema.

Lundi 15 décembre, Butembo

Mvua imeanza kupunguka. Papa Syauswa amepata wazazi watatu. Muzazi mwingine alikufa mwezi uliopita, tumepata mujomba wa mutoto. Ninaandika hiyo na ninaendelea, juu kazi inabaki.

Niliita Mama Tamar. Séphora analala naye mu kitanda vile zamani. Mama Berthe analala chini, ku mukeka, karibu na mulango. Muchana anachota maji, anapika, anamupatia mutoto sahani, na mutoto anasema aksanti mama, mu adabu yote.

"Na anamuzoea?" niliuliza.

Mama Tamar akasema kwamba jana jioni, bote batatu wakikula, Séphora alimuuliza yeye Tamar: huyu mama mugeni atarudi kwao lini?

Niliuliza kama Mama Berthe alisikia.

"Alikuwa pale, Abigaïl. Alisikia."